Kutoka Longquan hadi Jingdezhen: siku tisa za kuwahoji mafundi wa kauri

Ninayaandika haya nikiwa nyumbani Kilwa Masoko, mbele yangu yakiwepo madaftari mawili yaliyovimba kwa unyevu, picha mia tatu na ushei kwenye simu, na saa kumi na moja za sauti za watu ambazo bado sijamaliza kuzinukuu. Safari yenyewe niliifanya Novemba 2024, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika mji wa Jinhua, mkoa wa Zhejiang, mashariki mwa China. Utafiti wangu ulihusu utamaduni wa mafundi wa kauri ya kijani ya Longquan, mji wa mkoa huohuo, kauri ile ambayo watoto tuliokulia Kilwa tumeokota vigae vyake ufukweni Kisiwani bila kujua vilitoka wapi. Maktaba ilinipa historia ya vyombo, majina ya nasaba na picha za makumbusho, lakini haikunipa namna fundi mwenyewe anavyoizungumzia kazi yake akiwa kibarazani kwake. Ndiyo sababu nilichagua usaili kuwa mbinu yangu kuu, na yanayofuata ni jinsi mbinu hiyo ilivyonifundisha adabu yake, siku baada ya siku.

Siku ya kwanza, Jumatatu 4 Novemba: Jinhua, Lishui, Longquan

Treni iliondoka Jinhua saa mbili na dakika chache asubuhi, na kabla sijamaliza chai yangu ya chupa tulikuwa Lishui. Kutoka hapo nilipanda basi la Longquan. Barabara inapita kwenye mahandaki mengi, na mara kwa mara ukitoka gizani unauona mto upande mmoja, maji yake ya kijani yametulia kana kwamba hayaendi popote. Huo ni Mto Ou, uliokuwa ukiteremsha shehena za kauri hadi bandari ya Wenzhou, na kutoka huko vyombo vikaingia baharini na kusambaa katika bandari za Bahari ya Hindi. Niliutazama njia nzima. Nauli zote mbili hazikufika yuani 150, na siku hizo yuani 1 ilikuwa karibu shilingi 370 za Tanzania.

Mkobani nilikuwa na barua ya utambulisho yenye muhuri mwekundu wa chuo, fomu za ridhaa, kinasa sauti na betri za akiba, pakiti sita za korosho za Lindi kwa ajili ya wenyeji wangu, na picha ishirini na nne za vigae nilizozipiga Kilwa Kisiwani na kuzichapisha kwenye karatasi ngumu. Sikubeba kigae hata kimoja. Mambo ya kale yetu yanalindwa na sheria tangu mwaka 1964, na mtafiti anayevunja sheria ya kwao hana uso wa kuomba uaminifu ugenini.

Nyumba ya wageni ya kwanza ilikataa kunipokea kwa kuwa mhudumu hakujua namna ya kumwandikisha mgeni mwenye pasipoti. Mvua ilikuwa imeanza. Mama mmoja muuza tambi aliyekuwa jirani alinikalisha, akanipa bakuli la mchuzi wa uyoga bila kuniuliza kama nitalipa, kisha akapiga simu tatu mfululizo kwa sauti iliyozidi kupanda. Simu ya tatu ilipata chumba. Akaufunika mkoba wangu kwa mwavuli wake na kunisindikiza mpaka mlangoni, yeye mwenyewe akilowa bega zima. Nilimlipa yuani 15 za tambi kwa kumbembeleza.

Kwa watakaofuata: tiketi ya treni inakatwa kwa namba ya pasipoti, na pasipoti hiyo ndiyo utakayoonyesha langoni, hivyo pitia mstari wenye mhudumu. Karibu kila malipo hufanywa kwa simu. Iunganishe programu ya malipo na kadi yako kabla ya kuondoka mjini, lakini beba noti kidogo kwa ajili ya vijijini. Anayefuata masharti ya chakula cha halali atapata uyoga, samaki, mayai na mboga kwa urahisi huku Longquan, mradi aulize mafuta yaliyotumika.

Siku ya pili, Jumanne 5 Novemba: Longquan mjini

Asubuhi ilikwenda kwa makaratasi, na sina la kusimulia kuihusu. Mchana alifika mwanafunzi mwenzangu, mzaliwa wa wilaya hii, aliyekubali kunitambulisha kwa watu wake. Katika utafiti wa aina hii China, huanzi na maswali. Unaanza na mtu wa kukutanguliza mlangoni. Fei Xiaotong, mmoja wa waasisi wa elimu ya jamii nchini humo, alipokwenda kijiji cha Kaixiangong mwaka 1936, dada yake alikuwa tayari anajulikana pale kwa kazi ya kuwasaidia wanakijiji kuboresha utengenezaji wa hariri, naye mwenyewe alizaliwa wilaya hiyohiyo na lugha yao aliijua. Watu walimpokea kama kaka wa mtu wanayemheshimu. Mimi sikuwa na dada huko, wala lugha ya Longquan siijui. Nina Kichina sanifu tu, na wazee wengi wa hapa wakizungumza wao kwa wao ni kama Mmakonde amsikilize Mhaya.

Tulikaa mgahawani mpaka jioni, mwenzangu akiusoma mwongozo wangu wa maswali. Nilikuwa nimeandaa maswali thelathini na mawili. Swali la kwanza lilikuwa: “Utamaduni wa kauri una maana gani kwako?” Alilikata kwa kalamu nyekundu akaniambia kwamba mzee akiulizwa hivyo ataona anatahiniwa, na kwa kuogopa kukosea atajibu kama gazeti. Alilikata pia swali la mapato. Alibakisha yale yanayoanza na “namna gani” na “siku ile”, akayapunguza hadi kumi na moja. Usiku nilisikitika, kwa kuwa yale maswali yaliyokatwa ndiyo msimamizi wangu aliyoyasifia zaidi.

Siku ya tatu, Jumatano 6 Novemba: Shangyang

Shangyang ni mji mdogo magharibi mwa Longquan, bondeni katikati ya milima ya mianzi. Hapa ndipo kilipokuwepo kiwanda cha serikali cha kauri ya kijani, baada ya Waziri Mkuu Zhou Enlai kuagiza mwaka 1957 kwamba ufundi huo uliokuwa umefifia ufufuliwe. Basi la mjini lilinishusha saa nne asubuhi. Mwenyeji wangu, fundi wa tanuri mwenye umri wa miaka sabini na minane, alikuwa amevaa koti jipya, na sebuleni walikuwepo pia jirani wawili na afisa mmoja aliyekuja kuangalia mgeni kapokelewaje.

Nilimkabidhi korosho kwa mikono miwili, nikamwita shifu, neno la heshima anayopewa fundi aliyekomaa, naye akanimiminia chai. Kisha nikatoa fomu ya ridhaa, na hapo ndipo nilipoharibu. Aliishika karatasi mbali na macho, akaniuliza kwa upole kama kuna deni lolote baina yetu. Kwake, kutia sahihi ni jambo la mkopo, la shamba au la mahakama. Nilijaribu kueleza taratibu za chuo, lakini kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunyooka kitini.

Mahojiano yale yalichukua dakika arobaini. Alinisimulia hekaya ya ndugu wawili wa ukoo wa Zhang, mkubwa aliyepata kauri yenye nyufanyufa na mdogo aliyepata ya kijani laini. Akanitajia mwaka 1957. Akanitajia mwaka 2009, ambao UNESCO iliuingiza ufundi wa kuchoma kauri ya Longquan katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Yote ni kweli, na yote yameandikwa kwenye kibao cha chuma nje ya lango. Nilipouliza kuhusu maisha yake mwenyewe alijibu “mei shenme hao shuo de”, yaani hakuna la maana la kusema. Pale alipoteleza na kuingia katika lugha ya kwao, mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa sekondari ya juu, alinitafsiria. Mzee alisema kwa dakika mbili nzima, uso ukibadilika, mikono ikipanda na kushuka, binti akaniambia, “Dada, anasema kazi ilikuwa ngumu.”

Nilirudi chumbani nikasikiliza rekodi ile mara mbili, nikatambua kwamba mzee hakuwa amenificha kitu. Watu waliokuwemo sebuleni, koti jipya, karatasi ya sahihi na kinasa sauti katikati ya meza vilikuwa vimemwambia kwamba hii ni hafla, naye akanipa maneno ya hafla. Ufundi unapoingizwa katika orodha za urithi, wenye ufundi hupata heshima na hata posho, lakini hupewa pia maneno ya kujielezea, na maneno hayo hutangulia mlangoni kila mtafiti anapobisha hodi. Hili nililiandika usiku ule na bado naliona ndilo jambo kubwa nililolipata katika safari nzima.

Siku ya nne, Alhamisi 7 Novemba: tanurini

Nilirudi asubuhi bila miadi, nimevaa viatu vya shambani. Mzee alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha tanuri, na koti jipya halikuwepo. Tanuri za kule huitwa longyao, tanuri za joka, kwa sababu zimelala kwenye mteremko kama nyoka mrefu wa matofali, kichwa chini na mkia juu, na kuni hutiwa kupitia matundu ya ubavuni, hatua kwa hatua, kuanzia chini kwenda juu. Siku hiyo lilikuwa limepoa, likisubiri kupangwa. Aliniona, akaniashiria nikae juu ya gogo, akaendelea kuzipanga fito za msonobari kwa unene wake. Nikamsaidia. Tulifanya kazi ile zaidi ya nusu saa bila kuzungumza.

Alipopumzika, nilitoa bahasha ya picha, nikazitandaza juu ya ubao wa kuanikia vyombo. Alipangusa mikono kwenye aproni, akapita juu yake kwa macho, akaichukua picha ya saba. Ilikuwa ya kitako cha bakuli. Jambo la kwanza alilofanya ni kuigeuza picha kichwa chini, kama mtu anayekipindua chombo chenyewe. Kisha akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye mduara mwekundu kama tofali ulioko kitakoni, mahali ambapo ile ngozi ya kioo inayofunika chombo haikufika.

“Hapa ndipo kilipokalia,” alisema. Alinyanyuka, akaleta kipande cha udongo uliochomwa, cha mviringo, kikubwa kiasi cha kikombe. Akanieleza kwamba bakuli hutegwa juu ya kigingi kama hicho ndani ya kasha la udongo ili ngozi ya kioo inapoyeyuka isinate chini. Palipo wazi huungua na kuwa pekundu, kwa kuwa udongo wa kwao una chuma. Chuma hichohicho, kikiwa ndani ya ngozi ya kioo, ndicho kinacholeta kijani, lakini kwa sharti kwamba moto unyimwe hewa. “Moto ukishiba, unapata njano,” alisema. “Sisi tunaushindisha na njaa.”

Sikuwa nimewasha kinasa sauti. Nilimuuliza kama naweza, nikasema kwa maneno tu kwamba nitaitumia sauti yake kwa masomo, kwamba jina lake sitalitoa, na kwamba akitaka nizime nitazima. Alijibu “washa” bila kuinua kichwa. Ridhaa yake imo mwanzoni mwa rekodi, kwa sauti yake mwenyewe, na kamati ya chuo ilikuja kuikubali bila shida. Baada ya hapo alizungumza saa moja na dakika arobaini. Alinieleza jinsi alivyoingia kazini akiwa kijana mdogo, kazi yake ya kwanza ikiwa kubeba maji. Jinsi fundi wake alivyomkataza kuchungulia tundu la moto kwa mwaka mzima. Jinsi wanavyochomoa kwa ndoana kipande cha majaribio kutoka tanurini ili kuona rangi imefikia wapi. Na jinsi alivyozoea kuusoma moto kwa macho kabla kifaa chochote hakijamwambia kwamba umepita digrii 1,200. Katika maswali yangu kumi na moja nilikuwa nimeuliza manne.

Kisha ikaja zamu yake. Alikuwa ameishika picha ya kumi na moja, ya sehemu ya ndani ya sahani, akaisogeza kwenye mwanga. “Kwenu walikula nini humu?”

Nilimweleza kwamba katika nyumba za kale za mawe za pwani vyombo vya kauri vilipangwa kwenye zidaka ukutani viwe pambo na heshima ya nyumba, na kwamba vingine vilipachikwa kwenye nguzo za makaburi, kama ilivyokuwa Kunduchi na Kaole. Alikaa kimya kidogo, kwa staha, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. Halafu akatikisa kichwa. “Hii haikukaa ukutani. Tazama.” Akanionyesha mikwaruzo myembamba, mingi, iliyokatana katikati ya sahani, ambayo mimi mwenye picha niliitazama miezi sita nisiione. “Hii ilitumika kila siku. Walikula kwa kisu?”

Nilimjibu kwamba kwetu watu hula kwa mkono.

“Basi nini kimekwaruza?”

Sikuwa na jibu, nikamwambia hivyo. Alipendezwa kuliko nilipomsifia. Mchana mkewe alitupikia samaki wa mtoni na uyoga mkavu ulioloanishwa, akatoa sufuria mpya kwa sababu aliambiwa na mjukuu kwamba sili nguruwe. Kitendo hicho hakuna aliyekitangaza. Nilikigundua kwa kuiona karatasi ya dukani bado imebandikwa kwenye mpini.

Kwa watakaofuata: chapisheni picha, msizionyeshe kwenye simu. Simu ni ya mwenye simu, na mtu huirudisha haraka. Karatasi hupindwa, husogezwa, huchorwa kwa ukucha. Na pangeni siku mbili kwa kila mtu, ya kwanza kwa ajili ya hafla na ya pili kwa ajili ya mazungumzo.

Siku ya tano, Ijumaa 8 Novemba: mvua, unukuzi, na kinasa sauti kilichozimwa

Mvua haikukatika. Asubuhi nilianza unukuzi pamoja na mwenzangu, na tuliona kwamba saa moja ya sauti ingetaka zaidi ya siku nzima, kwa kuwa kila alipotumia lugha ya kwao tulilazimika kuandika safu tatu: matamshi, Kichina sanifu, na Kiswahili changu. Pale ambapo mjukuu alisema “kazi ilikuwa ngumu”, mzee alikuwa amesema kwamba miaka ile walikula uchungu mpaka ulimi ukasahau ladha nyingine, kisha akataja kila kilichokuwemo kwenye chungu cha nyumbani kwao. Kula uchungu, chi ku, ni usemi wa kila siku kwa Wachina wanapozungumzia kuvumilia shida. Mhoji akiupokea kama “ugumu” tu, amepoteza chungu kizima. Sikumlaumu binti, hakuna aliyemfundisha kazi hiyo, na sidhani ni haki kumtwika mtoto mzigo wa kutafsiri machungu ya babu yake mbele ya mgeni.

Alasiri nilikwenda kuaga. Tukiwa peke yetu, mzee alianza kusimulia miaka ya sitini, akanitazama, akagusa kinasa sauti kwa kidole. Nilikizima na kukitia mkobani, nikafunga na daftari. Alizungumza hadi taa zilipowashwa. Aliyoyasema hayamo humu wala hayatakuwemo katika tasnifu yangu. Ninaloliandika ni kwamba yaliyamulika yote aliyonipa kabla, na kwamba mtafiti hurudi nyumbani na elimu asiyoruhusiwa kuitumia, na ni wajibu wake kuibeba vizuri.

Siku ya sita, Jumamosi 9 Novemba: kwenda Jingdezhen

Treni ya Longquan hadi Quzhou, kisha nyingine hadi stesheni ya Jingdezhen Kaskazini, katika mji mwingine wa kauri, mkoani Jiangxi. Nililala sehemu kubwa ya njia.

Siku ya saba, Jumapili 10 Novemba: vijana wa Taoxichuan

Jingdezhen ilipata jina lake mwaka 1004, kutokana na jina la zama za Jingde za mfalme wa nasaba ya Song, na hadi leo mji mzima unaishi kwa udongo; hata nguzo za taa za barabarani zimevishwa kauri. Nilikwenda Taoxichuan, eneo la maduka na karakana lililojengwa ndani ya kiwanda cha zamani cha serikali. Wengi wanaouza pale ni vijana waliohamia kutoka mikoa mingine, na mji umewapa jina: jingpiao, wanaoelea Jingdezhen.

Nilihoji wanne. Wote walizungumza vizuri, kwa haraka, wakitazama simu zilizokuwa zikirusha biashara yao moja kwa moja kwa wateja. Huku tatizo lilikuwa kinyume na la Shangyang: hakuna aliyesema kwamba hana la kusema. Kila mmoja alikuwa na simulizi iliyokamilika ya jinsi alivyoacha kazi ya ofisini na kuufuata udongo, na nilipoisikia ya tatu ikifuata mkondo uleule nilielewa kwamba ni simulizi ya kuuzia. Siisemi kwa kuwadharau. Kodi ya karakana inalipwa kwa simulizi hiyo. Kwa msichana wa nne, aliyetoka kaskazini, niliacha kuuliza kwa nini alikuja, nikamwomba anisimulie jana yake, tangu alipoamka. Alifikiri kwanza. Halafu akanieleza jinsi alivyofungua tanuri la umeme saa kumi alfajiri akakuta vikombe arobaini vimepasuka, akakaa sakafuni, na hakumpigia mama yake kwa sababu mama angemwambia arudi nyumbani. Alinihudumia chai katika kimoja cha vikombe hivyo, ufa ukiwa upande wake.

Chakula cha jioni kilikuwa tambi za kuvutwa kwa mkono katika duka lenye kibao cha kijani cha “qingzhen”, yaani halali. Yuani 18, na nyama ya kutosha. Maduka ya namna hii yapo karibu kila mji wa China. Tambi baridi za hapa, lengfen, ni tamu pia, ila pilipili yake ni ya kuchukuliwa kwa uangalifu.

Siku ya nane, Jumatatu 11 Novemba: mama mchoraji

Kuna mambo mawili ya kale yaliyonituma Jingdezhen. Tang Ying, aliyefika mwaka 1728 kusimamia tanuri za mfalme bila kuijua kazi, aliandika kwamba alikula na kupumzika pamoja na mafundi kwa miaka mitatu mpaka akaielewa. Kabla yake kidogo, padri Mfaransa François Xavier d'Entrecolles aliandika barua mbili ndefu, mwaka 1712 na 1722, zilizoieleza Ulaya namna kauri inavyotengenezwa, na sehemu kubwa ya habari zake alizipata kwa kuwauliza waumini wake waliokuwa wakifanya kazi hiyo. Wote wawili waliwauliza mafundi. Mmoja alikula nao chungu kimoja. Mwingine maneno ya waumini wake yaliondoka mjini kwa meli na kuwafaidia watengenezaji wa mbali ambao mafundi wale hawakuwahi kuwaona. Nimewaza sana kuhusu huyo wa pili. Waliomjibu walidhani wanazungumza na padri wao.

Niliyemhoji siku hii alikuwa mama mstaafu, mchoraji wa maua katika kimoja cha viwanda vikubwa vya serikali vilivyokufa miaka ya tisini. Nilimweleza kwanza, polepole, maneno yake yatakwenda wapi na nani atayasoma, ikiwa ni pamoja na ninyi. Alisikiliza, akaniuliza kama Kiswahili kina neno la “peoni”. Nikamwambia hatuna ua hilo. Akachukua brashi, akalichora mbele yangu kwenye kigae cheupe, akisimulia huku mkono ukienda: foleni ya bafu la kiwanda, kengele ya mchana, siku walipolipwa sahani badala ya mshahara, na jinsi alivyozitandaza barabarani pamoja na wenzake, kila mmoja akiuza bidhaa ileile kwa watu wasiokuwa na fedha. Mkono haukusita mpaka alipofika hapo. Ua lile halina petali mbili za upande wa kulia, naye hakutaka kulimalizia. Ninalo hapa mezani.

Siku ya tisa, Jumanne 12 Novemba, na baada yake

Nilirudi Jinhua. Gharama zote za siku tisa, pamoja na malazi, zilikuwa kama yuani 2,300.

Kabla ya kuondoka China niliwarudishia wote nakala za maneno yao. Msichana wa Taoxichuan aliomba nifute sentensi moja, nikaifuta. Mzee wa Shangyang, ambaye hasomi sana, alisomewa na mjukuu wake, akasahihisha mahali pamoja: niliandika kwamba alibeba maji mwaka mzima, ilikuwa mwaka mmoja na majira moja ya baridi, na majira hayo ndiyo yaliyomuuma.

Wiki iliyopita nilivuka kwa mashua kwenda Kisiwani kumsalimia bibi, dada wa nyanya yangu. Baada ya shikamoo na habari za wagonjwa nilimpa picha ya kumi na moja, nikamuuliza swali la mzee kama lilivyo. Aliipeleka karibu na jicho lake zima, akaipapasa. Hakuchukua muda.

“Mwanangu, vyombo tulikuwa tunasugulia nini kabla ya hizi sabuni zenu? Mchanga na makumbi ya nazi. Huyo aliyekuwa akiiosha alikuwa na nguvu.”

Nilimrekodi, kwa ruhusa yake, nikaitafsiri sauti ile kwa Kichina na kuzituma zote mbili Shangyang usiku huohuo. Jibu lilikuja alfajiri, ujumbe wa sauti wa sekunde nne, nyuma yake kukisikika kuni zikipasuliwa.

“Mwulize bibi: mchanga wa bahari, au wa kisimani?”